Mvua Arobaini na Moja

Karatasi mbili juu ya meza ya jikoni,
moja ya watu wa dishi, moja ya watu wa kebo,
na kati yake kikombe cha chai kinapoa
kama mwamuzi asiyetaka lawama.

Nimetoka zamu ya usiku, nyayo zinawaka moto.
Kombo kapiga mstari nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
huku pauni arobaini na nne, huku thelathini na tatu;
huku mpira wote, huku mpira nusu na intaneti ya mbio;
huku king'amuzi cha kuhifadhi saa mia tatu na hamsini,
huku cha saa mia tano
kinachorekodi chaneli sita kwa mpigo.
"Sita!" anasema, kama aliyejaliwa pacha.
Mume wangu, katika nyumba hii ya macho manne,
mawili yakiwa yangu na yamelala,
hizo sita atazitazama nani?

Bei rahisi ina mkia.
Umeandikwa chini, kwa herufi za sisimizi:
miezi kumi na minane huchomoki;
Aprili ikifika, tunapandisha;
kutoboa ukuta, thelathini na tano.
Nimeusoma kwa miwani ya kazini,
ile ninayosomea vipimo vya dawa za wazee,
nikaona haba na haba inavyokikomba kibaba.

Bi Maureen wa nambari kumi na tisa
alikuwa akianika shuka chini ya wingu la Wolverhampton.
"Waambie unaondoka," akasema na kibanio mdomoni,
"ndipo watakapokupenda."

Nikawaambia watu wa dishi.
Muziki dakika ishirini na sita, kisha Craig,
sauti ya siagi: pauni thelathini na sita,
kwa wewe tu, kwa leo tu.
Thelathini na sita!
Basi miaka minane yote nilikuwa nani?

Tukaamua kebo.
Kabla ya kuchomoa waya nikafungua orodha.
Mipira ya Kombo. Tamthilia zangu, nusu nusu,
hulala kabla muuaji hajajulikana.
Na chini kabisa, utabiri wa hali ya hewa.
Mara arobaini na moja.

Mama.
Miezi mitano aliyokuja kutoka Wete kutibiwa goti.
Kiingereza hakukijua, kitufe chekundu alikijua.
Alimpenda yule bwana wa mvua:
husimama wima, huonyesha kwa mkono mzima, si kidole,
na haondoki bila kuaga. "Huyu kalelewa," akisema.
Kila jioni alinihifadhia,
nikirudi asubuhi nimwone, nijue nivae nini.
Sikumtazama hata siku moja.
Nilikuwa nimekwisha kulowa.

Craig, naweza kuzihamisha?
Haiwezekani.
Nikibaki nacho bila kulipa, zitafunguka?
"Kisanduku ni chako," akasema, tena kwa upole.
"Ufunguo ni wetu."

Alhamisi fundi wa kebo akatoboa ukuta.
Dishi kaliacha pale pale, kulishusha hakumo katika bei.
Mtaa mzima yanaelekea upande mmoja, kusini mashariki.
Mama aliwahi kuuliza: mbona yote yanatazama kwetu?
Nikamweleza habari za setilaiti,
akanisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto akidanganya.

Kisanduku kimo kabatini, juu ya mashuka,
na mvua zake arobaini na moja,
nyingine za manyunyu, moja ya theluji iliyoghairi.
Kipya kinarekodi sita. Taa sita nyekundu usiku,
na mimi niko kazini.

Jumapili nikampigia Mama.
Goti? Linakwenda. Karafuu? Mwaka huu haba.
"Na yule bwana, hajambo?"
Hajambo, nikasema. Anakusalimu.
"Kasema nini cha kesho?"
Nikavuta pazia. Kioo kilikuwa kinatiririka.
Nikamwambia.
"Haya," akasema, "vaa koti."